Bega Ndilo Msingi wa Kifua: Majibu kwa Wasomaji Wanaonyanyua Chuma

Barua nyingi za safari hii zimeuliza juu ya zoezi moja, nalo ni kusukuma chuma ukiwa umelala chali, zoezi ambalo wanamazoezi wengi huliita "benchi" bila kuongeza neno. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu mwandishi wake ameuliza kwa niaba ya wengi bila kujua, na waliobaki watanisamehe nikiwarejesha humo mara kwa mara.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika Chuo Kikuu cha Dodoma. Kwa miezi minane nimekuwa nikinyanyua chuma pamoja na wenzangu wanne nyuma ya nyumba tuliyopanga huku Ng'ong'ona. Chuma chetu ni bomba la maji lenye ndoo mbili za lita 10 zilizojazwa zege. Nilianza na makopo ya rangi nikapanda hadi ndoo. Mikono imeongezeka na mabega yameongezeka, lakini kifua kimebaki bapa. Tena kwa wiki sita sasa bega la kulia linauma upande wa mbele kila chuma kinapokaribia kifua. Wenzangu wananishauri nipanue viwiko kabisa na nishushe chuma karibu na shingo ili kifua kifunguke. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Umefanya vizuri kutaja mahali maumivu yalipo na wakati yanapokuja, kwa maana hiyo ni nusu ya jibu. Naomba kwanza uache kusukuma chuma hicho kwa wiki tatu. Uchovu wa kawaida wa mazoezi hukaa katikati ya nyama na huisha baada ya siku mbili au tatu, ilhali maumivu yako yamekaa kwenye fundo, yaani kiungo cha bega, na yamerudi kwa wiki sita mfululizo. Katika muda huo endelea na miguu na mgongo, na upige pushapu ukiwa umeweka mikono ukutani au kwenye meza imara, mradi hazikuumizi. Ikiwa bega linakuamsha usiku unapolilalia, au mkono unashindwa kuinuka hadi juu ya kichwa, usingoje hizo wiki tatu. Hospitali ya Benjamin Mkapa iko jirani na chuo chenu. Nenda ukaombe kuonana na daktari wa mifupa na viungo.

Sasa tuliangalie hilo bega lenyewe, kwa sababu ukilielewa hutahitaji kukariri masharti. Hakuna fundo la mwili lenye uhuru wa kuzunguka kama bega, na uhuru huo umepatikana kwa kupunguza uimara. Kichwa cha mfupa wa mkono ni duara kubwa lililokaa kwenye kitako kidogo pembeni mwa kombe la bega, yaani ule mfupa bapa wa nyuma ya bega, mfano wa chungwa lililowekwa juu ya kisahani cha kikombe cha chai. Kinacholizuia chungwa hilo lisibingirike ni mfuko wa kano pamoja na misuli minne midogo inayolizunguka. Juu ya fundo kuna ncha ya kombe iliyokaa kama paa, na kati ya paa na chungwa hupita kano ya mmoja wa misuli hiyo minne katika nafasi finyu sana. Unapopanua viwiko hadi vikawa mstari mmoja na mabega, yaani pembe ya nyuzi 90 kutoka ubavuni, kisha ukashusha chuma kuelekea shingoni, nafasi hiyo hubanwa, na ukuta wa mbele wa fundo huvutwa na uzito wote ulioushika. Wenzako hawakusema uongo kwamba mkao huo huuvuta msuli wa kifua. Kilichowapita ni kwamba bega huvutwa zaidi, na bega ndilo linaloumia kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani ndilo kiini cha tatizo lako. Kombe la bega halikufungwa kwenye mbavu kwa fundo lolote. Limeshikwa na misuli, na mfupa pekee unaoliunganisha na kiwiliwili ni mtulinga, ule unaopita mbele kutoka chini ya shingo hadi begani. Kwa hiyo mtu anapolala benchini bila kuyapanga makombe yake, anakuwa anasukuma uzito kutoka juu ya kitu kinachoteleza. Mabega husogea mbele, kifua hubonyea, na kazi huhamia kwenye misuli ya mbele ya bega na ya nyuma ya mkono. Umeniandikia kwamba mikono na mabega yameongezeka na kifua kimebaki bapa. Kwangu mimi hiyo si habari ya kushangaza: misuli iliyofanya kazi ndiyo iliyokua.

Ukirudi kwenye zoezi, rudi na bomba tupu, na ulitendee kama unajifunza upya. Lala macho yakiwa chini ya chuma. Kabla ya kukigusa, vuta makombe ya mabega nyuma na chini, kama mtu anayevuta kamba ya ndoo nzito kutoka kisimani: viwiko hurudi, mabega hushuka mbali na masikio, na kifua huinuka chenyewe. Uti wa mgongo utajikunja kidogo kuelekea juu, na hilo ni sawa mradi makalio yabaki kwenye benchi. Kandamiza nyayo zote mbili ardhini. Kisha ukae katika hali hiyo tangu chuma kinapotoka mahali pake hadi kinaporudishwa. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa sababu wanapofika juu hutaka kusukuma sentimita mbili za ziada, na sentimita hizo hutoka begani. Mkono ukishanyooka, zoezi limeisha. Bega libaki nyuma.

Mikono ishike chuma kwa upana unaozidi mabega kidogo. Kipimo chepesi ni hiki: chuma kinapogusa kifua, mwenzako akiangalia kutoka upande wa miguu, aone mkono wako kuanzia kiwiko hadi kiganja umesimama wima kama nguzo. Ukiegemea nje, umeshika kwa upana mno. Ukiegemea ndani, umebana mno na utakuwa unafanyia kazi misuli ya nyuma ya mkono zaidi. Kidole gumba kizungushwe kwenye chuma bila kukosa, hasa kwenu mnaotumia bomba la maji, ambalo ni laini na halina mikwaruzo ya kushika kama ile inayochongwa kwenye fimbo za kiwandani. Chuma kikae sehemu ya chini ya kiganja, juu kabisa ya mifupa ya mkono, ili kifundo kisipinde kwenda nyuma.

Vuta pumzi, kaza tumbo, shusha kwa sekunde mbili au tatu. Chuma kitue chini kidogo ya mstari wa chuchu, karibu na mwisho wa mfupa wa kidari, na viwiko viwe na pembe ya kati ya nyuzi 45 na 70 kutoka ubavuni. Sitakupa namba moja, kwa sababu urefu wa mikono hutofautiana. Chagua pembe ambayo bega lako halilalamiki. Kiguse kifua kwa upole bila kukidundisha. Unapokisukuma, hakiendi wima moja kwa moja: hupanda kikirudi nyuma kidogo, hadi kinaposimama juu ya mabega. Yaani kinashuka kikielekea tumboni kidogo na kinapanda kikielekea kichwani kidogo, na njia hiyo iliyopinda ndiyo njia yake sahihi.

Nirudi kwenye zege lenu, kwa sababu lina jambo ambalo hamjaliuliza. Lita moja ya zege ina uzito wa kilo 2.4 hivi, kwa hiyo ndoo mbili za lita 10, zikijaa, zinakaribia kilo 48 kabla ya kuhesabu bomba. Hata hivyo zege la kuchanganya kwa koleo halilingani: ndoo moja huwa na kokoto nyingi, nyingine ina mchanga na hewa. Chukueni kila ndoo mkaipime kwa mizani ya muuza mahindi kabla hamjaifunga kwenye bomba. Upande mmoja ukizidi kwa kilo tatu, bega moja litafanya kazi ya kuzuia chuma kisipinduke katika kila rudio, yaani kila unapokishusha na kukipandisha, siku baada ya siku. Sijui kama ndiyo sababu ni la kulia peke yake linalokuuma, lakini kama ningekuwa hapo, ningepima kwanza. Kasoro ya pili ya ndoo ni ngazi zake: kutoka kopo la rangi la lita 4, lenye kilo 10 hivi, hadi ndoo ya kilo 24, umeruka karibu kilo 28 kwa pande mbili kwa mkupuo mmoja. Msuli huweza kuvumilia mruko huo mapema kuliko kano, kwa sababu kano hupata damu kidogo na hukomaa polepole. Tengenezeni makopo ya uzito wa kati, au ongezeni mifuko ya mchanga ya kilo moja moja inayofungwa kwa kamba imara pande zote mbili kwa usawa.

Kuhusu ukuaji wenyewe, msuli mkubwa wa kifua huanzia kwenye mtulinga, kwenye kidari na kwenye mbavu, kisha nyuzi zake zote hukusanyika na kushikamana na mfupa wa mkono karibu na kwapa. Kazi yake kuu ni kuuleta mkono kutoka pembeni kuja mbele ya mwili. Kwa hiyo unakua kwa kufanya kazi hiyo katika safari nzima, kutoka unaponyooshwa hadi unapojikunja, kwa uzito unaokuchosha kweli. Tafiti zimeonyesha kwamba marudio 6 yenye uzito mkubwa na marudio 25 yenye uzito mdogo hukuza misuli kwa kiasi kinachokaribiana, mradi seti, yaani mkupuo mmoja wa marudio bila kupumzika, iishie karibu na kushindwa, pakiwa pamebaki rudio moja hadi matatu. Hii ni habari njema kwa mwenye bega bovu: shuka hadi uzito unaokuruhusu marudio 12 hadi 20 yaliyonyooka, fanya seti tatu au nne, mara mbili au tatu kwa wiki, ukipumzika angalau siku moja katikati. Pumzika dakika mbili baina ya seti.

Kwa kila seti ya kusukuma, fanya seti moja ya kuvuta. Chukua lile lile bomba, inama mgongo ukiwa umenyooka, ulivute kuelekea tumboni. Tafuta pia mpira wa ndani wa baiskeli uliochakaa, uukate, ufunge ncha moja kwenye nguzo kwa urefu wa kiwiko. Simama ubavu kwa nguzo, ushike mpira kwa mkono ulio mbali nayo, kiwiko kimebanwa kwenye mbavu na kimepinda nyuzi 90, kisha uvute mpira kwa kuuzungusha mkono kwenda nje, marudio 15 hadi 20 kila upande. Zoezi hili linaonekana dogo, nalo huwachosha hata wenye vifua vipana, kwa sababu linaifikia ile misuli midogo inayolishikilia chungwa kwenye kisahani.

Na ule. Kijana mwenye kilo 65 anayejenga mwili anahitaji protini ya gramu 100 hivi kwa siku, yaani gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili. Yai moja lina gramu 6. Gramu 100 za karanga zina 25. Maharage, kunde, choroko, dagaa na maziwa vinapatikana Dodoma bila kutumia fedha za ada.

SWALI: Mimi ni mtumishi wa umma, nina miaka 47, ofisi yetu iko Mji wa Serikali, Mtumba. Nikiwa kijana nilisukuma kilo 100 benchini. Bega la kushoto liliteguka nikicheza mpira miaka mingi iliyopita, likarudishwa, na halijateguka tena, ila huwa nalihisi linataka kutoka nikinyoosha mkono nyuma. Vilevile natumia dawa za presha. Ofisini tumepanga bonanza la michezo kabla ya Nane Nane, na ningependa kurudia kilo zangu kwa miezi mitatu. Inawezekana?

JIBU: Ndugu yangu, kurudi mazoezini kunawezekana na nakuunga mkono kwa moyo wote. Kurudi kwenye kilo 100 kwa miezi mitatu nakuomba usikujaribu.

Anza na presha, kwa kuwa ndiyo inayoweza kukudhuru kwa dakika moja. Mtu anayesukuma uzito mkubwa huku amebana pumzi hupandisha shinikizo la damu ghafla na kwa kiasi kikubwa sana. Kwa kijana mwenye afya hilo hupita. Kwa mwenye presha ni hatari. Mwone daktari anayekuandikia dawa, umweleze kwamba unataka kunyanyua uzito, na umsikilize hata akikataa. Akikubali, tumia uzito unaoweza kuusukuma mara 15, toa pumzi unaposukuma, vuta unaposhusha, na usifike kamwe mahali pa kukunja uso na kutetemeka.

Bega lililowahi kuteguka lina mfuko wa kano uliolegea upande wa mbele, na ile hali ya kulihisi linataka kutoka ndiyo tahadhari yenyewe. Mkao unaolihatarisha zaidi ni mkono kuwa pembeni na nyuma ya kiwiliwili, ambao ndio hasa hutokea unaposhika chuma kwa upana na kukishusha hadi kifuani. Hata kukitoa chuma mahali pake kunaweza kukuponza, ikiwa nguzo za benchi ziko nyuma sana ya kichwa na unalazimika kukifuata. Mwambie mwenzako akuletee hadi juu ya mabega. Kwako wewe ningependelea dambeli mbili, vile vyuma vifupi vya kushika kimoja kila mkono, viganja vikitazamana, ukiwa umelala sakafuni juu ya mkeka badala ya benchini. Sakafu itavipokea viwiko kabla havijapita nyuma ya mwili, na bega halitafika mahali linapoogopa. Anza na kilo 5 au 6 kila mkono. Ukimaliza wiki nne bila kulihisi bega, ongeza kilo moja, siyo tano. Siku ya bonanza shiriki katika kutembea kwa kasi, na kuvuta kamba uwaachie wengine, maana nako humfanya mtu abane pumzi na hulitikisa bega.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mchezaji wa netiboli hapa Singida mjini. Kocha ametushauri tufanye zoezi la benchi ili pasi zetu ziwe na nguvu. Shangazi amenikataza akisema matiti yatapotea na nitakuwa na kifua cha kiume. Je, ni kweli?

JIBU: Dada, si kweli, na ninaomba umsomee shangazi yako sehemu hii kwa heshima zote, maana hofu yake ni ya mtu anayekupenda. Titi ni tezi na mafuta, nalo limekaa juu ya msuli wa kifua. Msuli ukikua chini yake hauligeuzi wala hauli sehemu yake. Titi huweza kupungua mtu anapopoteza mafuta ya mwili mzima, iwe kwa mazoezi, kwa njaa au kwa ugonjwa, na benchi peke yake haina uwezo huo. Kuhusu kifua cha kiume, wanaume hujaza misuli haraka kutokana na homoni ambayo mwanamke anayo kwa kiasi kidogo sana. Utapata nguvu muda mrefu kabla ya kupata ukubwa wa kuonekana.

Tatizo lenu la kweli ni vifaa. Fimbo ya kawaida ya jimu ina kilo 20 ikiwa tupu, na ile ya wanawake yenye kilo 15 si rahisi kuikuta. Msichana anayeanza akiwekwa chini ya kilo 20 mara nyingi hulazimika kupanua viwiko na kuinua mabega ili aimudu, na hapo anajifunza makosa tangu siku ya kwanza. Mwambieni kocha muanze na pushapu za kuegemea benchi, mteremke kidogo kidogo hadi sakafuni, na mkifikisha pushapu 10 kamili za sakafuni, zenye viwiko vilivyoelekea nyuma kwa mshazari, fimbo ya kilo 20 haitawasumbua. Fuateni maelezo ya mabega niliyompa mwanafunzi wa Ng'ong'ona. Mchezaji wa netiboli anarusha mpira maelfu ya mara kwa msimu. Bega lake lina kazi ya kutosha bila kuongezewa jeraha.

SWALI: Jimu yetu ya mtaa wa Kisasa, Dodoma, ina benchi linaloinuka. Niliweke kwenye pembe gani ili nipate kifua cha juu?

JIBU: Nyuzi 30 hivi zinatosha. Ukipita 45, sehemu kubwa ya kazi inahamia kwenye misuli ya mbele ya bega, na hiyo si misuli ya kifua. Chuma hapo kishukie juu zaidi, karibu na mwanzo wa kidari chini ya mtulinga, na utegemee kunyanyua pungufu ya uzito wako wa benchi la kulala.

SWALI: Ninaishi Mpwapwa, hakuna jimu karibu, na ninafanya mazoezi peke yangu chumbani alfajiri. Mwezi uliopita nilishindwa kuinua chuma kikanilalia kifuani kwa muda nilioona mrefu sana, hadi nilipokisukumia tumboni nikapona kwa michubuko. Mke wangu sasa hataki kusikia habari za benchi. Nimshawishi vipi?

JIBU: Ndugu, mke wako ana haki, na njia ya kumshawishi ni kumwondolea sababu ya hofu. Watu wamekufa kwa zoezi hili, chuma kikiwa kimewaangukia shingoni, nao wengi wao walikuwa peke yao. Mimi mwenyewe nikiwa na miaka 24 niliponyokwa na chuma kwa sababu sikukizungushia kidole gumba. Mwenzangu aliyesimama nyuma yangu alikidaka kikiwa karibu kugusa koo. Sikuwahi tena kuweka gumba upande mmoja na vidole vingine.

Hukueleza kama vyuma vyako ni vya visahani, yaani vile vipande vya duara vinavyochomekwa kwenye fimbo, au vya zege, na tofauti hiyo ni kubwa kwa mtu aliye peke yake. Mwenye visahani akikosa mtu wa kumsaidia na akikosa kizuizi, ni afadhali asivifunge kwa klipu za kuvizuia visiteleze, ili akishindwa ainamishe upande mmoja visahani vidondoke, kisha upande wa pili. Ataharibu sakafu na kuamsha nyumba, lakini atatoka. Chuma cha zege kilichogandishwa kwenye bomba hakina mlango huo. Hakiwezi kumwaga uzito wake, kwa hiyo anayekitumia peke yake hana ruhusa ya kushindwa hata mara moja, na inampasa aache akiwa na marudio matatu au manne mkononi. Ulichokifanya wewe, kukiviringisha kuelekea tumboni na kuinuka, huwezekana kwa uzito mdogo tu. Uzito mkubwa huponda tumbo.

Alfajiri nayo ina hatari yake. Mwili uliotoka kitandani umekaza, na huko kwenu miezi ya Juni na Julai kuna baridi kali asubuhi. Zungusha mikono, vuta ule mpira wa baiskeli niliomwelekeza mwanafunzi, kisha ufanye seti mbili za fimbo tupu na moja ya nusu ya uzito kabla ya kuanza kazi. Ninasisitiza hili kwa sababu msuli wa kifua unapochanika, mara nyingi huchanika benchini, wakati wa kushusha uzito mkubwa. Mtu husikia mlio au mchano karibu na kwapa, huvilia damu hadi kwenye mkono, na baada ya siku chache kwapa huonekana limebonyea upande wa mbele. Anayepata dalili hizo asikandwe wala asichuliwe. Awahi kwa daktari wa mifupa, kwa maana kano iliyong'oka hushonwa vizuri zaidi katika wiki za mwanzo.

Sasa suala la kizuizi. Nenda kwa fundi wa kuchomelea, yule anayetengeneza mageti na madirisha, umwagize nguzo mbili za bomba la mraba zenye vitako vipana, kila moja ikiwa na mkono wa chuma unaolala sambamba na benchi na wenye urefu wa angalau sentimita 60. Usimpe kipimo cha kukisia. Lala kwenye benchi lako, panga makombe ya mabega kama nilivyoeleza ili kifua kiinuke, na umwombe mke wako apime kutoka sakafuni hadi sehemu ya juu kabisa ya kifua chako. Mikono ya chuma iwe chini ya kipimo hicho kwa sentimita mbili au tatu. Katika rudio la kawaida chuma kitagusa kifua bila kuigusa mikono hiyo. Ukishindwa, utalegeza mgongo, kifua kitashuka, na uzito utabaki umelazwa juu ya vizuizi wewe ukitoka chini yake. Hakikisha kwamba hata shingo yako iko chini ya usawa huo. Siku ya kwanza usiweke uzito wowote. Mwite mke wako asimame pembeni, lala na fimbo tupu, jifanye umeshindwa mara tano, na utoke mara tano mbele ya macho yake.